Wanaopima Mkojo Saa kwa Saa

Mtu aliyezibwa njia ya nyongo huonekana kuwa ni mgonjwa wa ini. Macho ni ya manjano, ngozi inamwasha usiku kucha, mkojo umekolea kama chai ya rangi, choo kimepauka hadi kuwa karibu cheupe. Jamaa zake wote wanazungumzia ini. Lakini waliozoea kuwahudumia wagonjwa wa namna hii huinama kwanza kutazama mfuko wa plastiki unaoning'inia chini ya kitanda, kwa sababu hofu yao kubwa ni figo. Upasuaji unaweza kwenda vizuri kabisa, jiwe likatolewa au nyongo ikafunguliwa njia mpya ya kuingia utumboni, kidonda kikawa safi, halafu siku ya tatu mkojo ukakatika.

Kuzuia jambo hilo ni ufundi, na nimeuhusudu kwa muda mrefu. Mpasuaji ana sehemu yake, ila sehemu kubwa imo mikononi mwa wauguzi, wataalamu wa maabara, maafisa wa kliniki na watu wa nusu kaputi. Na kwa mgonjwa wa Rangwe, kazi hii huanza siku nyingi kabla hajaona mlango wa chumba cha upasuaji.

Rangwe iko katika Kaunti ya Homa Bay: Kagan, Kochia, Gem Mashariki na Gem Magharibi. Mgonjwa wa huku huanzia kituo cha afya cha karibu au hospitali ya kaunti ndogo. Akihitaji kupasuliwa njia ya nyongo hupewa barua ya kwenda Homa Bay mjini, Kisii, au Kisumu katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Wengine hufika hadi Kenyatta, Nairobi. Anayeiandika barua hiyo mara nyingi ni afisa wa kliniki, na kabla ya kuiandika ana fumbo la kufumbua. Hapa ni ukanda wa ziwa. Malaria ipo mwaka mzima na inaweza kuyafanya macho kuwa ya manjano. Ugonjwa wa seli mundu umeenea, nao hufanya vivyo hivyo. Magonjwa hayo huivunja damu. Haya tunayoyazungumzia huziba njia. Mwenye ujuzi huanza na maswali ambayo mgonjwa huona haya kuyajibu: Mzee, choo chako kina rangi gani siku hizi? Unawashwa? Damu ikivunjika, choo hubaki na rangi yake au hukolea zaidi. Njia ikizibwa, choo hupauka. Kisha huomba mkojo kidogo kwenye chupa, huutikisa na kutazama povu. Povu la mkojo wa kawaida ni jeupe. La huyu ni la manjano, kwa sababu bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, ikikosa njia ya kwenda utumboni hurudi kwenye damu na kutokea kwenye mkojo.

Kwa nini figo? Watu wengi wanajua kuwa nyongo husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Kazi yake ya pili haijulikani sana, nayo ni ulinzi: chumvi za nyongo huzizuia sumu za bakteria wa utumboni zisipenye kwenye damu. Nyongo ikikosekana utumboni, sumu hizo hupenya, hukuta ini limechoka na haliwezi kuzichuja, kisha husambaa mwili mzima. Mishipa inayopeleka damu kwenye figo hujikaza. Papo hapo chumvi za nyongo zilizorudi kwenye damu huzifanya figo zimwage sodiamu na maji, na moyo nao husukuma kwa nguvu pungufu. Mgonjwa mwenyewe hajala vizuri kwa wiki kadhaa, anatapika, na pengine amekunywa dawa za mitishamba kabla ya kuja. Anafika akiwa amekauka ndani kwa ndani, ingawa mwili haumwonyeshi hivyo. Katika hali hiyo analazwa kitandani, anatiwa usingizi, anapasuliwa. Figo, ambazo kwa desturi hupokea kama sehemu ya tano ya damu yote inayotoka moyoni, zinabaki na kiu.

Hili lilianza kuonekana zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapasuaji Paul Clairmont na Hans von Haberer waliandika juu ya wagonjwa waliofariki baada ya mkojo kukatika kufuatia upasuaji wa mawe ya nyongo. Mwaka 1965 mpasuaji wa London, J. L. Dawson, alionyesha kuwa kadiri bilirubini ilivyokuwa juu kabla ya kupasuliwa, ndivyo uwezo wa figo kuchuja ulivyoporomoka baadaye. Alitumia manitoli, sukari inayosukuma mkojo utoke, na kwa miaka mingi manitoli ikawa desturi. Majaribio yaliyofuata hayakuona manitoli ikiyazidi maji yenyewe, endapo mgonjwa amepewa maji ya kutosha mapema. Napenda mwisho wa hadithi hiyo. Maana yake ni kwamba dripu inayotundikwa na muuguzi wa Rangwe, ikatundikwa kabla ya safari na ikaandikwa saa yake, inakaribia kuwa dawa bora iliyopo.

Ng'ambo ya ziwa, Mwanza, madaktari wa hospitali ya Bugando walichapisha mwaka 2011 habari za wagonjwa 116 waliozibwa njia ya nyongo. Wagonjwa 110 walipasuliwa. Kwa upande wa saratani, ile ya kichwa cha kongosho ndiyo iliyoongoza; kwa magonjwa yasiyo ya saratani, mawe kwenye mrija wa nyongo. Waliofariki walikuwa asilimia 15.5, na miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo ni umri wa zaidi ya miaka 60 na kukaa na manjano kwa muda mrefu. Ziwa ni lile lile, na watu wa pande zote mbili huchelewa kwa sababu zinazofanana: nauli, matumaini ya kupona nyumbani, na malaria iliyotibiwa mara mbili kabla ya mtu kuuliza juu ya choo.

Sasa nije kwenye jambo linalonivutia kuliko yote, nalo ni kuisoma kreatinini.

Kreatinini ni taka ya misuli. Figo huitoa, kwa hiyo ikilundikana kwenye damu, figo zimepungukiwa. Kipimo chake cha kale kimetokana na Max Jaffe wa Königsberg, aliyeona mwaka 1886 kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki ndani ya magadi hutoa rangi ya chungwa iliyokolea. Maabara nyingi zinautumia ugunduzi huo hadi leo, maana ni wa bei nafuu. Mtazame basi mtaalamu wa maabara akiitoa chupa ya damu kwenye mashine ya kuzungusha. Chembe nyekundu zimetuama chini. Majimaji ya juu, ambayo kwa mtu mzima wa afya yangekuwa na umanjano hafifu unaopenyeza mwanga, kwa huyu yameiva hadi kukaribia kahawia. Asiyejali huitumbukiza sampuli mashinani na kungoja namba. Anayejua kazi husimama kwanza.

Anasimama kwa sababu bilirubini ikiingia kwenye magadi huanza kugeuka na kupoteza rangi, wakati ule ule rangi ya kreatinini inapopanda. Mashine haina macho ya kutenganisha rangi mbili, inapima jumla. Moja inashuka, nyingine inapanda, na kinachosomeka ni pungufu ya kweli. Figo zinaanza kushindwa huku karatasi ikisema ni nzima. Ziko mashine zinazopima kwanza jinsi rangi ya sampuli inavyobadilika ndani ya magadi matupu, kabla pikriki haijatiwa, kisha zinakiondoa kiasi hicho kwenye hesabu. Asiye na mashine ya namna hiyo ana kalamu. Anaandika pembeni mwa jibu kwamba sampuli ni ya manjano sana, namba isomwe kwa tahadhari. Mstari huo mmoja una thamani kubwa, na aliyeuandika huenda asimwone mgonjwa wake maisha yake yote.

Hayo si yote. Mgonjwa wa saratani ya kongosho amekonda, misuli imeisha, kwa hiyo kreatinini yake ilikuwa chini tangu mwanzo. Mwenye seli mundu naye mara nyingi huwa na kreatinini ya chini kwa sababu figo zake huchuja kupita kiasi katika miaka ya awali. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye watu wengi zaidi wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini Kenya, na wengi wao wanameza mchanganyiko wenye tenofoviri na dolutegraviri. Tenofoviri inaweza kuziumiza figo kweli. Dolutegraviri haiziumizi, ila inaizuia kreatinini kidogo isitoke, na namba ikapanda bila madhara yoyote. Mtu mmoja kitandani anaweza kuwa na vyote: manjano inayoivuta namba chini, kukonda kunakoivuta chini, vidonge vinavyoipandisha. Ukiisoma namba yake kwa kuilinganisha na kiwango kilichochapwa kwenye fomu ya maabara, umepotea.

Mlinganishe na yeye mwenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012 unasema figo zimeumia ghafla ikiwa kreatinini imepanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au imefikia mara moja na nusu ya ilivyokuwa katika siku saba. Chukua mwanamke aliyekonda ambaye kreatinini yake ilikuwa 58 kabla ya kupasuliwa. Siku ya pili baada ya upasuaji inasoma 90. Katika fomu, 90 haina alama yoyote, ni kawaida. Kwake yeye ni hatari: imepanda kwa 32 na imevuka mara moja na nusu. Lakini hakuna awezaye kuliona hilo ila aliye na ile 58 mkononi, na ile 58 ilichukuliwa Rangwe, siku mgonjwa alipokuwa bado na nguvu za kutembea hadi maabara kwa miguu yake. Ndiyo sababu nampa heshima afisa wa kliniki anayepima kreatinini ya mgonjwa asiyelalamika figo, akaibana karatasi kwenye barua ya rufaa ili isidondoke njiani.

Huyo huyo ndiye anayekataa kumchoma sindano ya diklofenaki mgonjwa anayelia kwa maumivu, akamtafutia dawa nyingine, kwa kuwa diklofenaki na jamii yake huibana damu inayoingia kwenye figo. Homa ikipanda na kutetemeka kukianza, ishara kwamba njia iliyozibwa imeingiwa na bakteria, huwaza mara mbili kabla ya kuchukua jentamaisini. Ni dawa iliyo karibu kwenye kila kabati, na ni kali kwa figo zilizokwisha kulemewa na nyongo. Huwezi kumpiga picha mtu asiyefanya jambo. Wala jambo asilolifanya haliandikwi popote.

Katika safari hii kuna swali la kufungua njia ya nyongo kwanza kwa mrija mdogo, kusudi manjano ishuke kabla ya upasuaji mkubwa. Ilionekana ni busara isiyo na mjadala. Mwaka 2010 utafiti wa Uholanzi kwa wagonjwa 202 wa saratani ya kichwa cha kongosho ulionyesha kuwa waliofunguliwa kwanza walipata matatizo makubwa kwa asilimia 74, na waliopasuliwa mapema asilimia 39. Ila utafiti huo haukuwahusisha wenye bilirubini iliyopita mikromoli 250 kwa lita, na wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo uamuzi unabaki wa mtu kwa mtu, na figo ni moja ya mambo yanayouamua.

Baada ya upasuaji, usukani unashikwa na muuguzi. Kreatinini husema kwa kuchelewa; figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya kazi yake kabla namba haijasogea vya kutosha. Mkojo husema saa ile ile. Kipimo ni nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mwenye kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 kila saa, na chini ya hapo kwa saa sita mfululizo ni kengele ya hatari. Mililita 180 katika saa sita! Ni kiasi kidogo sana, na ndiyo maana kubahatisha hakufai.

Saa nane usiku muuguzi anakuja na tochi. Hasomi mfuko kwanza. Anapitisha vidole kwenye mpira wa mkojo tangu pajani kwa mgonjwa hadi chini, akitafuta mahali ulipojikunja, mahali mgonjwa alipoulalia, mahali mkojo uliposimama katika kitanzi bila kushuka. Anaunyoosha, anauinua kidogo ili kilichobaki kiteremke. Ndipo anachuchumaa hadi jicho liwe sawa na mstari, kwa kuwa aliyesimama hudanganywa na pembe. Mistari iliyochapwa kwenye mfuko wenyewe ni ya kukadiria tu. Kama hakuna kile kisanduku kidogo chenye vipimo vya saa, anamimina kwenye jagi la kupimia na kusoma hapo. Kisha anaandika namba kwenye chati ya maji, safu ya yanayotoka, na pembeni anaandika rangi. Haandiki kwamba mkojo unatosha. Anaandika 35. Kama ni sifuri, anaandika sifuri na kwenda kumwamsha daktari.

Chati hiyo ina safu nyingine ambazo mgeni hazioni. Mgonjwa aliyetolewa mawe kwenye mrija wa nyongo anaweza kuachiwa mpira wenye umbo la T, kifaa kilichoenezwa na mpasuaji Mjerumani Hans Kehr, unaotoa nyongo nje hadi uvimbe utulie. Nyongo inayotoka humo kwa siku inaweza kufika mamia ya mililita, nayo imejaa sodiamu. Ukiisahau, utashangaa kwa nini mkojo umepungua wakati dripu haijakatika. Muuguzi hodari huipima, huijumlisha na matapishi na yaliyotoka kwenye mpira wa tumbo, na asubuhi humpandisha mgonjwa kwenye mizani. Hesabu za chati na uzito wa mwili zisipopatana, hurudi kutafuta alipokosea kabla zamu haijabadilishana.

Kisha kuna hukumu. Mkojo umeshuka hadi 20. Asiye na uzoefu huifungulia dripu iende kasi. Lakini mwili uliopasuliwa hushikilia maji kwa saa kadhaa hata figo zikiwa nzima, na maji yaliyozidi hujaa mapafuni. Kwa hiyo muuguzi na daktari hugusa nyayo: zina joto au ni baridi? Hubonyeza ukucha wa kidole gumba na kutazama damu inarudi upesi kiasi gani. Husikiliza mapafu, hutazama presha, hukagua kidonda, maana mgonjwa wa manjano hukosa vitamini K na anaweza kuvuja damu ndani kimya kimya. Baada ya hayo humpa mililita 250, husubiri, hupima tena. Dozi ndogo, jibu, dozi nyingine. Subira hiyo ndiyo ufundi wenyewe, na hakuna mashine inayoifanya. Kwa mwenye seli mundu ugumu unaongezeka, kwa kuwa figo zake haziwezi kuukoleza mkojo; hutoa mkojo mwingi na mwepesi hata akiwa amekauka. Kwake 60 kwa saa inaweza kuwa habari mbaya, na muuguzi hulijua hilo kwa kuwa alisoma historia ya mgonjwa kabla ya kuusoma mfuko.

Siku zikienda vizuri, rangi inaanza kubadilika. Jamaa hutazama macho na kukata tamaa.

"Sista, mbona macho bado ni ya manjano? Si mlisema njia imefunguka?"

"Mama, hebu inama utazame huku chini. Juzi mkojo wake ulikuwaje?"

Mkojo umekuwa mwepesi, unaonyesha upande wa pili. Kuna sababu ya hilo. Manjano ikikaa muda mrefu, sehemu ya bilirubini hujishikiza kabisa kwenye protini ya damu iitwayo albumini, na iliyoshikizwa hivyo haipiti kwenye figo. Inangoja albumini yenyewe ichakae, jambo linalochukua wiki mbili tatu. Mkojo husafika kwanza, macho hufuata baadaye. Muuguzi anaweza asiijue kemia yote hiyo, lakini ameliona mara nyingi kiasi cha kumtuliza mama wa watu kwa uhakika.

Wapo ambao figo zao hushindwa pamoja na juhudi zote. Tangu mpango wa serikali wa mwaka 2015 wa kusambaza vifaa katika kaunti, mashine za kusafisha damu hazipatikani Nairobi na miji mikubwa peke yake, na wengi wa wanaoumia ghafla huhitaji kusafishwa kwa muda tu hadi figo zirudi. Ila kila saa kwenye mashine ni gharama na hatari, na kila mgonjwa aliyeepushwa nayo aliepushwa na mtu aliyechuchumaa na tochi.

Mgonjwa akiruhusiwa kurudi Rangwe, barua yake inapaswa kubeba namba mbili, kreatinini ya kabla na ya siku ya kutoka, na jina la maabara iliyopima. KDIGO inataka aliyewahi kuumia figo ghafla apimwe tena baada ya miezi mitatu, ijulikane kama zimepona, zimebaki dhaifu, au zimeingia katika ugonjwa wa kudumu. Kwa wakati huo manjano imekwisha na kipimo cha Jaffe hakidanganywi tena na rangi, kwa hiyo namba ya mwezi wa tatu inaweza kuwa juu kuliko ile ya mwanzo na bado figo zikawa nzima. Afisa wa kliniki aliyeliona lile onyo la pembeni, kwamba sampuli ya kwanza ilikuwa ya manjano sana, hatamtisha mgonjwa bure. Atampima presha, atampima protini kwenye mkojo, na kumwandikia tarehe ya kurudi.